JE, NI ULAFI AU NI UGONJWA?

Katika mafundisho yetu ya afya umekwisha kusikia habari za minyoo, za malaria, za maji safi, na za namna ya kumlisha mtoto aliyeachishwa ziwa. Leo nataka kusema nawe juu ya ugonjwa usioonekana kwa darubini, wala haupimwi kwa damu. Unapimwa kwa maswali tu. Na kwa kuwa unapimwa kwa maswali, sisi tunaouliza twaweza kukosa sana. Mimi mwenyewe nilikosa mara mbili katika mwezi mmoja. Nitakueleza makosa hayo, ili wewe usifanye kama mimi.

Mama wa kwanza alikuja kwetu kwa sababu ya kikohozi. Alikuwa amekimbia vita pamoja na watoto watano, akakaa kwa jamaa zake. Siku zile tulikuwa na karatasi ya maswali iliyofasiriwa kutoka lugha ya Ulaya, ya kuwatafuta watu wenye ugonjwa wa kula pasipo kujizuia. Nikamsomea. Je, mawazo ya chakula yanakujia mchana kutwa? Akajibu, "Ndiyo, baba." Je, umepata kula chakula kingi sana kwa mara moja? "Ndiyo, jana usiku." Je, ulishindwa kuacha? "Ndiyo, nilikula mpaka chungu kikawa kitupu." Nikatia alama tatu, nikaandika kwamba ni mgonjwa.

Mama mzee anayewapikia wagonjwa alikuwa akipita na ndoo yake. Akasimama, akamwuliza neno moja tu: "Binti yangu, kabla ya chungu kile, ulikula lini?" Yule mama akainamisha kichwa, akasema, "Zilikuwa zimepita siku mbili."

Basi, hakuwa na ugonjwa wa kula. Alikuwa na njaa.

Mama wa pili alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya. Mwili wake ulikuwa wa kawaida, si mnene wala si mwembamba. Alikuja kwa maumivu ya tumbo. Nikamsomea maswali yale yale. Je, unakula kuliko watu wengine? Hapana. Je, unaogopa kunenepa? Akacheka, akasema hapana. Je, unakula peke yako? Hapana, nakula na watoto wangu katika sahani moja. Hakupata alama hata moja. Nikampa dawa ya tumbo, akaenda zake.

Baada ya majuma matatu alirudi, safari hii nyumbani kwangu, akaniambia habari yake yote mbele ya mke wangu. Tangu siku alipomzika mumewe, mwaka mzima, alikuwa akiamka usiku watoto wakiisha lala. Alikula bugali baridi, na sombe iliyobaki, na hata unga mkavu wa muhogo akiuchota kwa kiganja. Alikula gizani, upesi upesi, bila njaa, mpaka tumbo lilipomwuma. Halafu alilia. Mara tatu au nne kila juma ilikuwa hivyo. Siku moja katika kilio cha jirani walimkuta ghalani akila chakula kilichowekwa kwa ajili ya wageni. Watu wakamwita mlafi. Akaondolewa katika kwaya, akaagizwa kufunga siku tatu kila juma ili ashinde tamaa. Lakini kila alipomaliza kufunga, usiku uliofuata ulikuwa mbaya kuliko zote. Aliniambia kwamba kulikuwa na usiku mmoja aliotamani asiamke tena.

Tazama basi. Yule mzima nilimwita mgonjwa, na yule mgonjwa nilimwambia ni mzima. Karatasi ilikuwa moja. Kosa lilikuwa kwamba niliyachukua maswali ya watu wanaoishi namna nyingine, nikayasoma kwa watu wetu kama mtu apimaye mahindi kwa chupa ya mafuta. Neno langu leo ni hili: ugonjwa huu upo hata kwetu, na inafaa tuutafute, lakini tusiutafute kwa kuhesabu sahani. Tuutafute kwa kusikiliza kama mtu amepoteza uwezo wa kuacha, na kama jambo hilo linamtesa.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwaka 1959 daktari wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika habari za wagonjwa wake waliokula vyakula vingi sana kwa muda mfupi, na baadaye wakajuta na kujilaumu. Kwa miaka mingi waganga hawakukubaliana kama huo ni ugonjwa wa peke yake. Mwaka 2013 waganga wa akili wa Marekani waliuweka katika kitabu chao kama ugonjwa kamili. Shirika la Afya Duniani nalo likauweka katika orodha yake ya magonjwa, iliyokubaliwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022.

Dalili zake ni hizi. Mtu anashikwa na kipindi cha kula ambacho hawezi kukizuia wala kukikatiza. Anakula upesi kuliko desturi yake. Anakula mpaka anaumia. Anakula ingawa hana njaa. Anajificha kwa ajili ya aibu. Akimaliza, anajichukia, au anahuzunika, au anajiona mwenye hatia. Kitabu cha Wamarekani chasema vipindi hivyo viwe angalau mara moja kwa juma kwa muda wa miezi mitatu. Tena mtu huyu hana desturi ya kujitapisha baadaye wala kunywa dawa za kuharisha ili autoe mwilini. Kama anafanya hivyo, ugonjwa wake ni mwingine, nao pia wataka daktari.

Usidhani kwamba kila mtu mnene ana ugonjwa huu. Wanene wengi hawana kabisa. Tena wengine wanao, na mwili wao ni wa kawaida, kama yule mjane. Unawapata wanawake na wanaume. Mara nyingi unatembea pamoja na huzuni nzito ya moyo.

Sasa angalia tofauti moja kati ya vitabu viwili nilivyovitaja. Kitabu cha Wamarekani chataka chakula kiwe kingi kuliko kile ambacho watu wengi wangekula kwa muda kama ule na katika hali kama ile. Orodha ya Shirika la Afya Duniani haidai wingi. Yasema mtu ale zaidi au kwa namna nyingine kuliko desturi yake mwenyewe, naye awe ameshindwa kujizuia. Mimi naona maneno haya ya pili yanatufaa zaidi sisi. Mjane maskini hana vyakula vya kujaza meza. Kitu alicho nacho ni unga mkavu katika kiganja. Lakini mateso yake ni yale yale.

KWA NINI MASWALI YA NG'AMBO YANAKOSA

Kwanza, kwa sababu ya njaa. Katika Afrika ya Kusini watafiti waliwapa vijana Waafrika wa nyumba za kimaskini karatasi za maswali zilizotungwa ng'ambo juu ya magonjwa ya kula. Baadhi ya vijana walipata alama za juu sana, kana kwamba ni wagonjwa. Lakini watafiti walipokaa nao na kuongea, waliona kwamba majibu mengi yalitoka katika umaskini wenyewe, au katika kutolielewa swali. Kijana aliyesema anafikiri sana juu ya chakula alifikiri juu yake kwa sababu hakukuwa na chakula. Habari hiyo ilichapwa mwaka 2004. Nilipoisoma nilimkumbuka yule mama wa kikohozi, nikaona haya.

Pili, kwa sababu ya desturi ya kula. Kwetu wengi hula mara moja tu kwa siku, jioni, mtu akirudi shambani au sokoni. Bonge kubwa la bugali la saa moja ya usiku si dalili ya ugonjwa. Ni chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni pamoja. Tena tunakula wengi katika sahani moja. Ni nani ajuaye kipimo cha mtu mmoja? Na siku ya arusi au ya Noeli kila mtu hula mpaka ashindwe kusimama, na hakuna anayelia kwa ajili hiyo. Katika visiwa vya Fiji, katika bahari kuu ya Pasifiki, mtafiti Anne Becker kutoka Marekani aliona vilevile kwamba karamu ni desturi njema, na kumlisha mtu ni kumpenda. Wafiji hata wana jina, *macake*, la hali ya mtu kupoteza hamu ya kula. Kwao kutokula ndilo jambo la kuhangaikia. Yeye na wenzake hawakuchukua karatasi ya Uingereza hivi hivi. Waliifasiri katika Kifiji, wakaitengeneza ifae desturi za huko, kisha wakaijaribu kama inapima kweli.

Tatu, kwa sababu ya mwili. Katika nchi nyingine wanawake huogopa unene, na maswali yao yanaanzia hapo. Kwetu mtu akikonda jirani wananong'ona kwamba ana ukimwi au kifua kikuu. Wengine hununua sokoni vidonge vya kunenepesha, kama siproheptadini na deksametazoni, navyo vyaweza kuleta madhara makubwa. Ukimwuliza mama wa namna hiyo kama anaogopa kunenepa, atacheka tu, kama alivyocheka yule mjane. Aibu yake haikuwa unene. Aibu yake ilikuwa kula bila kugawa, na kujificha na chakula kama mwizi.

Nne, kwa sababu ya maneno yenyewe. Mwaka 1999 waganga wa London walitoa maswali matano mafupi ya kutafuta magonjwa mengine mawili ya kula. Wauguzi wa nchi nyingi wanayatumia. Moja linauliza kama mtu amepungukiwa na uzito kuliko "jiwe" moja kwa miezi mitatu. Kwa Waingereza jiwe ni kipimo cha uzito, kama kilo sita na zaidi kidogo. Mfasiri asiyejua angeandika jiwe, na mgonjwa wetu angeshangaa anaulizwa habari ya mawe. Swali lingine linatumia neno la Kiingereza lenye maana mbili, kuugua na kutapika. Wao wanauliza kama mtu anajitapisha. Mfasiri wa haraka angeuliza kama mtu anajifanya mgonjwa. Na swali la mwisho linauliza kama chakula kinatawala maisha ya mtu. Peleka swali hilo katika kambi ya wakimbizi, nawe utawaandika wote kuwa wagonjwa.

WENGINE WATASEMA

Wengine watasema, "Huu ni ugonjwa wa Wazungu wenye vyakula vingi. Sisi tuna shida nyingine." Nami nilisema hivyo zamani. Lakini uchunguzi mmoja mkubwa wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2013, uliwauliza watu zaidi ya 24,000 katika nchi 14. Nyingi za nchi hizo zina mali, lakini Brazil, Colombia na Mexico zilikuwamo. Kwa wastani watu kama 14 katika kila 1,000 walikuwa wamepata ugonjwa huu wakati fulani wa maisha yao. Nao ulikuwa na watu wengi kuliko ule wa kula na kujitapisha.

Tena njaa yenyewe yaweza kuufungulia mlango. Mwaka 2017 watafiti wa Texas, huko Marekani, walitoa habari za watu wanaokwenda kupokea chakula cha msaada. Waliona kwamba kadiri uhaba wa chakula nyumbani ulivyozidi, ndivyo kula pasipo kujizuia kulivyozidi pia. Kwa hiyo yule mama wa kikohozi nisingepaswa kumwandika mgonjwa siku ile, lakini pia nisimsahau. Mtu mwenye njaa kwanza apate chakula. Akiisha kula siku zote kwa majuma kadhaa, ndipo aulizwe tena kwa upole. Kama mkono bado hauachi ingawa tumbo limeshiba, hapo pana neno.

Wengine watasema, "Ni minyoo tu," au, "Amerogwa." Ni kweli kwamba hamu ya kula yaweza kuzidi kwa sababu nyingine za mwili: ugonjwa wa sukari, ugonjwa wa tezi ya shingo, mimba, dawa za jamii ya prednisoloni, na dawa nyingine za magonjwa ya akili. Kwa sababu hiyo mgonjwa apimwe hospitalini kwanza. Lakini tukipima na kukuta hakuna kitu, tusimrudishe nyumbani na kusema hana ugonjwa. Wala tusimpeleke kwa mtu wa kutafuta mchawi.

Na wengine, hasa sisi wa kanisa, tutasema, "Ni ulafi, naye atubu." Ndugu zangu, ulafi upo, nami siufuti. Mlafi anafurahia sahani yake, na akipata sehemu ya mwenzake anafurahi mara mbili. Lakini mgonjwa huyu hana furaha. Anakula kama mtu anayepigwa. Amekwisha tubu mara mia kabla hujamwambia atubu, na kila mara aliposhindwa tena alijiona ameachwa na Mungu. Ukimwongezea aibu, utamwongezea giza la kujificha, na katika giza hilo ndimo ugonjwa unamokua.

NENO JUU YA KUFUNGA

Hapa nataka kusema waziwazi, kwa maana naona hatari.

Miaka ya 1944 na 1945, katika chuo kikuu cha Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua njaa inamfanya nini mtu, ili wapate kuwasaidia watu wa Ulaya walioumizwa na vita. Vijana wanaume 36 walijitoa. Hawakukubali kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, na wengi walitoka makanisa yanayofundisha amani, kama Wamenoniti, ambao sisi Wakongo tunawajua. Walikuwa wazima wa mwili na wa akili. Kwa majuma 24 walipewa chakula kidogo, mpaka wakapungukiwa na karibu robo ya uzito wao. Mawazo yao yote yakawa chakula. Na walipoanza kulishwa tena, baadhi yao walikula kupita kiasi, wakajaa, na bado hawakusikia kushiba. Kwa wengine hali hiyo ilidumu miezi. Habari zao zilitolewa katika kitabu mwaka 1950.

Je, vijana wale walikuwa walafi? Hapana. Mwili uliominywa kwa njaa hujilipa. Basi, ukimtwika mgonjwa wa namna hii kufunga siku tatu kila juma, umeongeza mafuta katika moto. Siwakatazi Wakristo kufunga. Nasema kufunga kusiwe adhabu ya mtu anayeshindwa kujizuia, wala kusiwe dawa yake. Wachungaji na wazee wa kanisa, nawasihi: kabla ya kumwagiza mtu kufunga, ulizeni kwanza habari ya usiku wake. Kumbukeni habari ya Eliya alipochoka hata kutaka kufa. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale. Hakuanza kwa kumkemea.

NAMNA YA KUULIZA

Sasa namna yenyewe. Usimwulize mtu mbele ya foleni ya wagonjwa. Usimtumie mtoto wake awe mkalimani. Ikiwezekana mwanamke amwulize mwanamke. Mwulize kwa lugha ya mama yake, kama ni Mashi, Kinande, Kirega au nyingine, maana mtu husema siri yake katika lugha aliyolilia utotoni. Na kama unafasiri swali, mpe mwenzako ambaye hajaliona alirudishe katika lugha ya kwanza. Kama likirudi limegeuka, lilikuwa limepotea njiani. Kisha waulize wazee wawili watatu wamesikia nini katika swali lile.

Usitaje neno "ulafi" wala neno "dhambi". Anza na salamu, na habari za watoto, na za shamba. Kisha uliza hivi:

1. Jana, tangu asubuhi hata usiku, ulikula nini, na saa ngapi?

2. Nyumbani kwenu chakula kinatosha? Katika juma hili, kuna siku mliyolala bila kula?

3. Kuna wakati moyo wako umesema "basi", lakini mkono ukaendelea kula?

4. Wakati huo tumbo lilikuwa na njaa, au lilikuwa limeshiba?

5. Ulikuwa pamoja na watu, au ulijificha? Ulikula pole pole, au kama mtu anayekimbizwa?

6. Ulipomaliza ulijisikiaje: kama mtu atokaye katika karamu, au kama mtu aliyefiwa?

7. Jambo hili linakujia mara ngapi kati ya Jumapili na Jumapili? Lilianza msimu gani, na nyumbani kulikuwa na nini wakati ule?

8. Je, unajitapisha baadaye? Kuna dawa unayokunywa, ya hospitali au ya sokoni?

Angalia jinsi maswali mawili ya kwanza yanavyofungua mlango kwa mwenye njaa, ili asiingizwe katika hesabu isiyo yake. La tatu na la nne ndiyo moyo wa jambo lote. La sita linatenganisha sikukuu na ugonjwa. Maswali haya hayatoi hukumu. Yanatuonyesha tu ni nani inafaa akae na daktari au na mwuguzi aliyefundishwa. Kupima kwa maswali ni kama kubisha hodi. Anayebisha hajaingia bado.

Na mtu akikuambia kwamba anatamani kufa, usingoje swali la nane. Usimwache peke yake. Mlete hospitalini siku ile ile, au mwite mtu wa afya aje.

TUFANYE NINI?

Ugonjwa huu unatibika. Mwaka 2017 wakubwa wa afya wa Uingereza waliwaagiza waganga waanze na mafundisho ya kujisaidia, mgonjwa akiongozwa na mtu anayemtia moyo, na yasipotosha wafuate mazungumzo ya matibabu ya kila juma. Mambo haya hayataki mashine. Yanataka saa moja, viti viwili, na mtu anayejua kunyamaza kuhusu siri za watu.

Mgonjwa ajifunze kula kwa saa zilizowekwa. Hata kama chakula ni kidogo, akigawe: uji asubuhi, kiazi au ndizi mchana, bugali jioni. Mwili unaojua kwamba chakula kitakuja hautashtuka usiku. Aandike, au amweleze mwenzake, ni saa gani kishawishi kinamjia na ni huzuni gani ilikitangulia. Mara nyingi atakuta kwamba hakuwa na njaa ya tumbo bali ya mtu aliyeondoka. Awe na rafiki mmoja anayejua, wa kumgongea mlango. Na asijipe adhabu ya kufunga kesho yake kwa sababu ameshindwa leo. Ale chakula cha asubuhi kama kawaida.

Wewe mume, wewe mama mkwe, wewe dada: ukikuta chungu kimemalizwa usiku, usipige kelele mbele ya watoto. Subiri mchana, keti naye, umwulize kama ana mzigo moyoni.

Yule mjane alianza kula mara tatu kwa siku, na dada mmoja wa kwaya alikuwa akija kukaa naye jioni baada ya watoto kulala. Sitakudanganya kwamba aliponywa kwa siku moja. Kwa miezi mingi usiku mbaya ulikuwa ukirudi. Sasa unamjia mara chache, pengine mara moja kwa mwezi, naye hajifichi tena. Asubuhi anamwambia mwenzake. Wazee walimrudisha katika kwaya. Yule mama wa kikohozi naye tulimwandikia chakula cha msaada, na dawa ya kifua, na nikamwomba msamaha.

Ndugu msomaji, labda wewe unayesoma haya ndiye unayeamka usiku. Umefikiri kwamba uko peke yako katika Kongo nzima, kwamba hakuna mwingine mwenye aibu kama yako. Wako wengine. Njoo hospitalini. Hutaulizwa umekula sahani ngapi. Utaulizwa unaumwa wapi, nasi tutakaa chini kukusikiliza.